Jumapili tuliyomtafuta baba mdogo kwenye mashindano ya magari

Baba mdogo hupiga simu Jumapili jioni, bibi akiwa ameshavua viatu vya kanisani na kukaa kwenye mkeka wake. Simu inazunguka nyumba nzima: bibi kwanza, halafu baba, halafu mama, halafu wadogo zangu wanaopigana kuishika. Ikinifikia mimi nasema, "Amahoro, baba mdogo," naye anasema, "Amahoro, mama, shule iko sawa?" nami nasema iko sawa, naipitisha. Miaka yote ndivyo tulivyoongea. Si kwamba simpendi. Sauti yangu ikiona watu inajificha, hata darasani najibu nikiangalia meza.

Simkumbuki kwa uso. Tulipotoka kambini Tanzania nilikuwa mgongoni mwa mama. Sisi tukarudi Rumonge, Burundi, yeye akapelekwa Amerika. Bibi alikuwa na watoto wawili waliobaki, mmoja akaja huku na mmoja akaenda kule, na tangu siku hiyo ana swali moja. Analiuliza kila Jumapili, kabla ya kuuliza habari za afya.

"Unakaa na nani?"

"Na watu, mama."

"Watu gani?"

"Watu tu. Tuko wengi huku."

Bibi akimrudishia baba simu huwa amekunja midomo. Usiku huo halali vizuri. Najua, kwa sababu nalala naye chumba kimoja, namsikia akigeuka.

Mwaka huu baba mdogo akaanza kuongea habari za magari. Mji anaokaa hauko mbali na barabara ya mashindano, siyo barabara ya kwenda mahali, ni ya mviringo, kubwa kiasi kwamba, alisema, ungeweza kuchukua soko la Rumonge na bandari na hospitali ukaviweka katikati na nafasi ikabaki. Pembeni imeinuka kama ukingo wa sahani ili magari yasitoke nje kwenye kona. Bibi hakujali magari, lakini mtoto wake alikuwa hajawahi kuongea kwa muda mrefu hivyo, kwa hiyo alimuuliza maswali ili asinyamaze. Gari gani hushinda? Lile lenye nguvu kuliko mengine?

"Hapana, mama. Nguvu za yote ni karibu sawa. Gari likienda peke yake upepo unalirudisha nyuma. Lazima yafuatane, pua kwenye mkia, ndipo yanaenda mbio. La nyuma linalisukuma la mbele."

"Kama vijana wa baiskeli za mawese wanavyoshika nyuma ya lori kwenye mlima."

"Hivyo hivyo!" Akacheka. Ni kicheko cha baba kabisa.

"Na wewe," bibi akasema, "unafuatana na nani?"

Hapo baba mdogo akasema Jumapili ijayo anakwenda kuangalia mashindano, anakwenda na wenzake wa kazini, kundi zima. Watavaa mashati mekundu. Watakaa karibu na mstari wa kumalizia, mahali ambapo kamera inapita.

Nadhani alifikiri amemaliza hayo maneno. Hamjui mama yake. Kesho yake asubuhi, mikono bado ina mafuta ya mawese, bibi alikwenda kwa mwenye kibanda cha kuonyesha mpira kwenye tele.

Kibanda hicho zamani kilikuwa chini karibu na maji, ziwa lilipopanda kikahamishiwa juu nyuma ya msikiti, na mabati yake mpaka leo yana alama ya maji. Mwenye kibanda ni mzee Mswahili, mcheshi, kofia haitoki kichwani. Bibi alimwambia anataka kuona mashindano ya magari ya Amerika, mtoto wake atakuwepo na wenzake.

"Mama, huko kuna watu kama mchanga. Utamwonaje?"

"Nilimzaa mimi. Wewe washa tele tu."

Jumapili hiyo hapakuwa na mpira mkubwa, basi akakubali. Kule kwa baba mdogo ilikuwa mchana, kwetu jua lilikuwa limeshazama Kongo ng'ambo ya ziwa. Bibi alikaa benchi la mbele na kitenge chake cha kanisani, mimi kando yake nikiwa nimeshika simu ya baba, aliyokuwa ametuachia alipokwenda Nyanza-Lac. Nyuma yetu wakajaa vijana ambao walikuja kuangalia mpira na hakuna aliyewaambia kwamba leo haupo.

"Papa, mpira iko wapi?" mmoja akamuuliza mwenye kibanda.

"Leo ni magari. Kaa au toka."

"Hizi gari zinaenda wapi?"

"Haziende fasi yoyote. Zinazunguka."

"Zinazunguka tu? Hata kuku ya kwetu inazunguka nyumba, na mafuta haiombi!"

Walicheka sana. Lakini magari yalipoachiwa kwa pamoja wakanyamaza, kwa sababu hata katika tele ile iliyo na ufa kwenye kona uliona jinsi yalivyobanana, mistari miwili, mitatu, rangi zote, yamebandikwa matangazo hadi kwenye vioo, na usingeweza kupitisha hata mkono katikati yao. Mwenye kibanda akaongeza sauti mpaka mabati yakaanza kutetemeka.

Bibi peke yake hakuangalia magari. Kila kamera ilipopita juu ya watu alisogea mbele na kuning'ang'ania goti. "Wewe una macho. Wapi mashati mekundu?"

Mashati mekundu yalikuwa kila mahali. Nusu ya jukwaa ilikuwa nyekundu. Nilimwambia hivyo kwa sauti ndogo, na kijana aliyekuwa nyuma yangu akasikia, akawaeleza wenzake kwamba huyu mama anatafuta mutoto wake, basi kibanda kizima kikaacha magari kikaanza kutafuta.

"Mama, ule! Ule pale mwenye kusimama!"

"Huyo ni mzungu, wewe."

"Jua limemchoma tu!"

"Na ule? Mweusi, mnene?"

"Wangu si mnene," bibi akasema. "Na hayuko peke yake. Tafuteni kundi."

Tukatafuta kundi. Magari yalipita na kupita, sijui mizunguko mingapi, wala hatukujua nani yuko mbele. Halafu gari moja likaguswa kidogo tu nyuma, likageuka upande, na yaliyofuata hayakuwa na mahali pa kukimbilia. Yakagongana yote, moja juu ya lingine, moshi, matairi, kipande cha bati kikaruka kuelekea kwenye uzio wa watu. Kibanda kikapiga kelele. Bibi alisimama.

"Ni upande wake? Niambie, ni upande wake?"

Ilikuwa mbele ya mstari wa kumalizia. Nikaitikia kwa kichwa. Bendera nyekundu ikapepea, magari yaliyobaki yakasimama na kuzimwa, na watu wenye magari ya kuvuta wakaanza kukusanya vipande. Bibi akasema, "Mpigie." Kwa haraka nikabonyeza jina la mtu mwingine kwanza.

Alipokea kwa video. Sura yake ilikuwa nzima, ina jasho, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake watu walikuwa wamekaa wanakula, kumekuwa kimya kwa sababu injini zimezimwa.

"Mama, sijambo! Hakuna aliyeumia, hata madereva wametoka wenyewe kwa miguu."

Bibi akakaa. Akamshukuru Mungu kwa Kirundi, kwa muda. Halafu akajifuta uso na kitenge akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya. Geuza simu niwaone wenzako."

"Mama, mtandao—"

"Geuza."

Akageuza haraka. Nilichoona mimi ni kiti chenye mfuko wake, upande wa pili viti vitatu vitupu, na nyuma wazee wawili wa kizungu, mwanamke na mwanamume, wenye vile vikubwa vya kuvaa masikioni vimening'inia shingoni. Bibi hakuona vizuri. Aliniuliza, "Ni wale?" Nikaangalia chini.

Baba mdogo akairudisha simu kwake. "Nilikuja peke yangu," akasema. "Wale wa kazini sikuwaambia. Nilitaka, kila siku nilitaka, lakini mama, niliona haya. Nikifika mbele yao maneno yanakwisha."

Kumbe ni mimi yule, ila mkubwa, na yuko mbali zaidi. Kila mara watu wa nyumbani wakiniambia nimemfuata baba mdogo nilidhani wanasema pua.

Bibi hakumgombeza. Akamuuliza, "Hao walio nyuma yako ni nani?"

"Siwajui."

"Mpe simu huyo mama."

"Mama! Siwezi! Nitamwambia nini?"

"Wewe usiseme kitu. Mpe tu." Akanigeukia. "Na wewe unasoma Kiingereza. Mwambie huyu ni mtoto wetu, yuko peke yake."

Nikasema siwezi. Nikasema Kiingereza chetu ni cha kitabu, hatuongei, tunaandika tu. Mwenye kibanda akapunguza sauti ya tele. Bibi alikuwa ananiangalia, si kwa ukali, aliniangalia kama anavyoangalia sufuria akisubiri mawese yatulie. Na kwenye simu baba mdogo alikuwa ameshaanza kumgeukia yule mwanamke, polepole, mkono umenyooshwa, uso umegeuzwa pembeni kama mtu anayechomwa sindano.

Uso wa mzungu ukaja, mkubwa, una madoa ya jua na miwani. Nami nikasimama wima nikasema kile tunachoimba kwa Kiingereza darasa zima mwalimu akiingia: habari za asubuhi, mwalimu.

Kijana mmoja wa nyuma, ambaye tunasoma shule moja, alikaribia kufa kwa kucheka. Lakini yule mwanamke hakucheka. Akasema, habari za asubuhi na wewe, mpenzi.

Basi nikaendelea. Nilisema: huyu ni mtoto wetu. Mama yake yuko hapa, kando yangu. Yuko peke yake na anaona haya. Tafadhali. Baada ya tafadhali nilitafuta neno lingine nikakosa, nikarudia tafadhali.

Akauliza tuko wapi. Nikasema Burundi. Akamgeukia mumewe, mumewe akainua mabega. Akauliza mama ni yupi, nami nikamsogezea bibi simu, na hao akina mama wawili wakaangaliana. Bibi akampungia mkono, akamwambia kwa Kiswahili kama vile ni jirani yetu wa Rumonge, "Umwangalie huyo, mama. Anakula kidogo sana." Sikutafsiri. Sijui yule mwanamke alisikia nini, lakini aliitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa kitu anachokijua. Kisha simu ikayumba, tukaona anga, tukaona viatu, tukasikia viti vikigongwa, na ilipotulia baba mdogo alikuwa amekaa safu ya nyuma katikati ya wazee wale wawili. Mwanamume alikuwa anamvalisha vile vya masikioni, anamwonyesha kitufe cha kuzungusha.

"Mama!" baba mdogo alipaza sauti, kama wanavyofanya watu walioziba masikio. "Humu unasikia madereva wanavyoongea! Wanaongea mule ndani ya gari! Wanasema wanakuja huku kila mwaka, hawa, kiti ni hiki hiki, wanasema—" Akamgeukia mwanamke akamjibu kitu kwa Kiingereza, haraka, kirefu, akacheka. Sikujua anaweza kuongea haraka hivyo.

Kwenye simu magari yakaanza kunguruma tena. Kwenye tele yetu yalikuwa bado yamesimama, picha ilichelewa.

"Kata," bibi akasema.

"Bibi, bado anaongea."

"Anaongea na watu wake. Kata."

Nikakata. Bibi akarekebisha kitenge, akajiegemeza, na kwa mara ya kwanza jioni ile akaangalia magari. Akauliza la kwetu ni lipi. Vijana wakaanza kugombana, mmoja anataka la buluu, mwingine la njano kwa sababu liko mbele, mwenye kibanda anasema tulichague lililosalimika bila kukwaruzwa. Walipokubaliana juu ya la njano nikageuka kumwambia bibi, nikakuta kichwa chake kimeanguka begani kwangu. Alikuwa amelala. Mdomo wazi kidogo, pumzi ndefu, kelele yote ile na yeye hana habari.

Sikusogea. Yule kijana wa utani wa kuku akaniona, akawageukia wenzake. "Nyamazeni. Mama amelala."

Mwenye kibanda akachukua rimoti akaondoa sauti. Basi tukaangalia mizunguko ya mwisho hivyo, kibanda kimejaa watu, wote wamefunga midomo, na magari yanapita kwa mbio ile bila sauti yoyote. La njano lilipoanza kupitwa walijishika vichwa kimya kimya, mmoja akiuma ngumi yake asipige kelele.