Mapumziko ya Kanyange Kisiwani

Wanawake watatu wa Nyakahura walipokata shauri kwenda kupumzika baada ya kuvuna maharage, wawili, Adelfina na Priscila, walifungasha khanga, mafuta ya kupaka na mkeka wa kulalia mchangani. Wa tatu, Kanyange, alifungasha mikungu ya ndizi mbivu na mfuko wa unga wa mtama uliokaangwa. Adelfina alipoiona mizigo hiyo kwenye buti la gari alishika kiuno.

"Kanyange, tunakwenda kupumzika au tunakwenda kufungua kilabu?"

"Wewe pumzika," Kanyange akasema. "Mimi nitapumzika nikishamaliza."

Kiini cha safari Adelfina alikijua. Ni yeye aliyesikia kwamba katika kisiwa cha Rwamikoma, kule Ziwa Victoria, kuna nyumba ya wageni yenye baraza inayotazama maji, na samaki wanakaangwa wakiwa bado wanatikisa mkia. Alipoitaja sokoni, Kanyange alicheka hadi akaweka chini kata yake ya kuchotea pombe. Nyumba hiyo aliijenga marehemu mumewe, Fideli, na udongo wa kukandika kuta zake aliukanyaga Kanyange mwenyewe kwa miguu yake miwili. Adelfina aliona haya. Akasema basi tutafute kisiwa kingine, visiwa viko vingi. Kanyange akasema hapana, ni hicho hicho, ila atakayepiga simu kuweka nafasi awe Adelfina, na jina liwe la Adelfina.

Tuseme ukweli: Kanyange hakuwa mtu wa kusamehe. Wapo waliojaliwa moyo huo na padri huwasifu. Yeye hakujaliwa, na hakujisingizia.

Wazazi wake walitoka Burundi na mikeka kichwani, wakapewa shamba Nyakahura, wakapanda migomba kabla hata hawajaezeka nyumba. Mama yake alimfundisha kutengeneza rubisi, ile pombe ya ndizi. Binti alikuwa na mkono mzuri kuliko mwalimu wake. Alipoolewa na Fideli, Mrundi mwenzake ambaye ndugu zake walikuwa wamehamia kisiwani kufuata samaki, alikwenda na machipukizi ya migomba kutoka kwao na kuyapanda nyuma ya nyumba. Kisiwa kizima kikajua pombe ya Kanyange. Wavuvi wakirudi kutoka majini, huuliza kwanza kama ameshakamua, ndipo huwauliza wake zao habari za nyumbani.

Kisha Fideli akaugua tumbo. Ziwa lilikuwa limechafuka, hapakuwa na mtumbwi wa kuthubutu kumvusha kwenda hospitali, na kabla mawimbi hayajatulia alikuwa amekufa. Watu wakiwa bado wamekaa matangani, mdogo wake Ndizeye alisimama akauliza swali moja tu: pombe ya mwisho aliyokunywa ndugu yangu, aliipokea mkononi mwa nani? Hakuongeza neno, akaketi.

Mgeni wa upande huu ataona hilo ni swali la kawaida. Sivyo. Kwa Warundi, kwa Wahangaza na majirani zao, anayekupa pombe lazima aonje kwanza mbele ya macho yako. Huvuta funda, humeza, ndipo hukukabidhi, nawe unakunywa bila wasiwasi kwamba umetiliwa sumu. Si dharau, ni adabu, na mtoto huifahamu kabla ya kujua kuhesabu. Kanyange alikuwa amemwonjea mumewe siku ile kama siku zote. Lakini nyumba ilikuwa ya watu wawili, na mmoja alikuwa kaburini. Nani angemshuhudia?

Walimpakia mtumbwini na nguo alizovaa. Nyumba, nyavu na migomba vikabaki kwa Ndizeye, na ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Kikulacho ki nguoni mwako. Hata hivyo, kilichomuuma Kanyange kuliko nyumba ni mama mkwe wake, Akimana, aliyezoea kumwita mwana wanje, mwanangu. Mtumbwi ulipoondoka, Akimana alimpa mgongo.

Maneno hayahitaji mtumbwi, yalimtangulia Nyakahura. Alipoanza kuuza rubisi sokoni, wateja walikuja kwa kuwa ilikuwa tamu, ila wote walikuwa na lao. "Onja." Anaonja. "Onja tena, mama." Anaonja tena. Wauzaji wenzake huonja mara moja na kupokea shukrani. Yeye alionja hadi jioni kichwa kinamzunguka kwa pombe yake mwenyewe, huku wateja wakimchungulia koo kuona kama kweli amemeza. Miaka ikapita hivyo. Mtenda husahau, mtendewa hasahau, na Kanyange alikuwa akikumbushwa kila siku ya soko.

Basi wakafika Rwamikoma. Ndizeye alikuwa amesimama ufukweni, tumbo mbele, kofia mpya kichwani, akiwapokea wageni. Alimpa Adelfina mkono, akampa Priscila mkono, halafu akamwona wa tatu akishushwa na ndizi zake. Uso ulimbadilika. Lakini ufukweni palikuwa na watu, akiwemo Laurian, mwenyekiti wa kitongoji, na wageni wengine kutoka Mwanza walikuwa wakimtazama kutoka barazani.

"Shemeji! Karibu nyumbani," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Nyumbani kwa nani?" Kanyange akauliza, akitabasamu.

"Kwetu sote, shemeji. Yaliyopita si ndwele."

"Tugange yajayo," Kanyange akamalizia, akajitwika mkungu.

Wenzake walipumzika kwelikweli. Adelfina alilala barazani, akiamka sangara akiiva na kulala tena sangara akiisha. Priscila, fundi cherehani anayeinama mwaka mzima juu ya sare za shule, alijitumbukiza ziwani hadi shingoni na kutangaza kwamba mgongo wake umerudi. Kanyange alipewa chumba ambacho zamani alilala na mumewe, sasa mlangoni kimebandikwa namba. Aliitazama ile namba kwa muda. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe, ambako mtumbwi wake wa kukamulia ndizi, gogo lililochongwa, ulikuwa umetupwa kwenye magugu, akauosha, akakata nyasi za kukandia, akaanza kuzikanda ndizi.

Priscila alimfuata, nywele bado zinachuruzika maji.

"Niambie, maana mwenzio naogopa. Unataka kufanya nini?"

"Jumapili baada ya ibada nitawaita watu wote wanywe. Nitaonja mbele yao, halafu nitampa Ndizeye wa kwanza. Akikataa, atakuwa ameniita mchawi mbele ya mwenyekiti, na nitamtaka athibitishe. Akinywa, amelamba matapishi yake."

Priscila alifikiri. Fundi nguo hukiona kitambaa mahali kitakapochanika.

"Lakini ukishaonja, hata adui yako atakunywa. Hiyo ndiyo maana ya kuonja. Atakunywa, atafuta mdomo, na watu watasema Ndizeye ni mtu wa amani, amesamehe. Utakuwa umemtengenezea sifa kwa ndizi zako."

Kanyange aliacha kukanda. Hilo hakuwa ameliwaza, na lilimuuma kwa kuwa lilikuwa kweli.

"Na hivi kwa nini usimwache tu?" Priscila akaendelea kwa upole. "Ukimshinda utapata nini?"

"Nitauza pombe yangu kwa kuonja mara moja, kama wenzangu."

Priscila alikunja kitenge chake, akapiga magoti, akamsaidia kukamua.

Maji ya ndizi yakachanganywa na unga wa mtama, yakafunikwa kwa majani ya mgomba, yakaachwa yachemke yenyewe. Harufu ikaanza kutembea, ikapanda barazani, ikaingia kanisani wakati wa mazoezi ya kwaya. Ndizeye akawa hana raha. Mara amekuja kukagua ua, mara anatafuta jembe ambalo halikupotea. Kanyange akamwangalia anavyomeza mate, na hapo akamkumbuka vizuri: huyu, tangu ujana, hakuwahi kuvumilia kibuyu kilichojaa kikiwa mkononi mwa mtu mwingine. Kaka yake alikuwa akimkemea kwa hilo.

"Shemeji, bado tu?" Ndizeye akauliza.

"Jumapili. Mlete na mama."

Jumapili watu walijaa uani. Laurian alipewa kiti chenye mgongo, wageni wa Mwanza wakakaa mkekani, na Akimana akaletwa akijikongoja, akawekwa kwenye kigoda karibu na chungu. Alikuwa amezeeka sana. Ndizeye alisimama katikati akiwaeleza wageni kwamba huyu mwenye pombe ni shemeji yake, na kwamba hapa Rwamikoma wanaishi kama familia moja. Baadhi ya majirani walitazama chini. Walikuwepo matangani siku ile.

Kanyange alichota. Alijaza kibuyu hadi povu likafurika, akachomeka mrija, akaenda kusimama mbele ya Ndizeye, karibu kabisa, kibuyu kikiwa chini ya pua yake. Akaanza kusalimia. Alimshukuru mwenyekiti kwa kufika. Aliwashukuru wageni kwa kuja kutoka mbali. Alimgeukia Akimana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Akimana akaitika, akitazama ardhi.

Kanyange akaendelea. Alilishukuru ziwa. Aliishukuru migomba iliyovumilia magugu. Alimsifu Adelfina kwa usingizi wake, watu wakacheka. Povu likapasuka taratibu na harufu ikampanda Ndizeye usoni. Koo lake lilipanda likashuka. Kibuyu kilimlemea Kanyange, akaomba kimoyomoyo maneno yasimwishie.

"Shemeji, hotuba ndefu hivi, pombe itachacha," Ndizeye akasema, na watu walipocheka tena akanyoosha mkono, akakitwaa kibuyu, akavuta hadi mashavu yakabonyea.

Kicheko kilikatika. Kilianza kukatika kwa wazee, kikaja kwa vijana, hadi wageni wa Mwanza wakabaki wanatazamana wasijue kilichotokea. Ndizeye aliutoa mrija mdomoni, povu kwenye masharubu.

"Sijaonja, Ndizeye," Kanyange akasema.

Alikitazama kibuyu. Akamtazama Kanyange. Mtu mwenye akili zake angenyamaza, lakini Ndizeye alikuwa ameshazoea kuwafurahisha wageni.

"Ah, shemeji, mimi na wewe tena? Najua huwezi kunidhuru."

Akimana aliinua kichwa.

"Unajua tangu lini?"

"Mama, ni maneno tu..."

"Nimekuuliza. Unajua tangu lini?"

"Nimeshamsamehe, mama. Ndiyo maana nimekunywa."

"Aliyesamehe pia husubiri aonjewe," Akimana akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ua wote uliisikia. "Mimi nimejitahidi kumsamehe kila Jumapili, na leo nimekuja hapa nikiwa nimeapa kwamba hata akionja sitainywa. Kwa sababu nilikuamini wewe. Na wewe uliyeuliza lile swali matangani, leo umeinywa bila kuonjewa, kama maji ya mtungi."

Ndizeye alimtafuta Laurian kwa macho. Mwenyekiti alikuwa anachunguza viatu vyake.

Utamu ulimjaa Kanyange kifuani, na nisiwafiche, ulikuwa utamu hasa. Miaka yote alikuwa amepanga maneno ya kumwambia, makali, mengine ya Kiswahili na mengine ya Kirundi. Hakuyahitaji hata moja. Alikichukua kibuyu mkononi mwa Ndizeye, akamwaga kilichobaki karibu na miguu yake, akachota upya. Alivuta funda moja, akameza, akampa Laurian. Laurian akanywa papo hapo. Kibuyu kikazunguka uani kwa kila mtu, kikampita Ndizeye kana kwamba pamesimama mti, na hakuna aliyesema onja tena.

Akimana alipokea, akanywa polepole. Kisha akasema anataka kwenda kaburini kwa Fideli. Ndizeye alijitokeza haraka kumshika mkono.

"Kaa," mama yake akamwambia. Akamnyooshea Kanyange mkono.

Kaburi lilikuwa juu kidogo, nyuma ya migomba, na kulifikia kwa miguu ya Akimana kulichukua muda. Walipofika, mzee aliliegemea jiwe, akaongea na mwanawe kwa Kirundi. Alimwambia kwamba mkewe hakumuua. Alimwambia kwamba yeye mama yake alidanganywa, na kwamba aligeuza mgongo wakati alipotakiwa kuuliza. Alilia bila sauti, kama wanavyolia watu waliokwisha kuzika wengi.

Alipomaliza alimgeukia Kanyange.

"Mwana wanje," akasema, "nisamehe."

Kanyange alilitazama kaburi la mumewe, akauangalia ule mkono uliokonda ndani ya mkono wake. Alitafuta moyoni, kwa haki kabisa, kama neno hilo lipo. Halikuwepo.

"Bado, mama," akasema, na akamshika vizuri, maana njia ya kushukia ilikuwa na utelezi.