Nilivyowabarikia Nyani Chakula Chetu

Jamani, nichekeni sasa hivi mmalize, maana habari hii Mikumi nzima wanayo na nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, bora niwape mwenyewe ilivyokuwa.

Mimi kwa kuomba sijambo. Nikishika sala naanzia kwa Adamu, nawapitia manabii mmoja mmoja, watu wanaitikia amina mpaka bati linalia. Mtu mmoja tu alikuwa hajawahi kuniitikia: mama mkwe wangu wa Lumuma, aliyenijua enzi za pombe, na ingawa nimeokoka mwaka wa nne huu, bado alikuwa akinitazama kama mtu atakayeonekana kilabuni Jumamosi ijayo. Basi Kwaresima hii alipokubali kushuka kuja kufunga nasi siku moja, pamoja na wageni wetu kutoka Kilosa, nikasema moyoni, leo ni leo, hiyo amina lazima aitoe.

Tulifunga tangu alfajiri, hata maji hatukugusa. Saa kumi na moja jioni akina mama wakapanga chakula barazani mwa kanisa: wali, chapati, maharage, na kikapu cha ndizi mbivu alichokuja nacho mama mkwe mwenyewe. Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Neema, acha mtu mmoja kwenye chakula, nyani wa huku unawajua." Nami nikamjibu kwa sauti (ili mama yake asikie), "Mke wangu, hiyo ni imani haba! Mungu aliyetulinda kutwa nzima atashindwa kulinda sufuria? Wote ndani, na macho tufumbe!" Dada aliyekuwa na fimbo ya kufukuzia nyani akaiweka chini, akaingia. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nikaomba, nikaomba, nimefika jangwani kwa wana wa Israeli wanashushiwa mana, mara nasikia kifuniko kimeanguka barazani, mtu akapiga yowe, na mwingine, mabenchi yakaburutwa, watu mbio, na mimi nikajua nguvu imeshuka. Nikapandisha sauti. "Wape, Bwana! Washibishe! Asiondoke hata mmoja na njaa!" Mtu akanishika bega ananitikisa, nikadhani amezidiwa na Roho, nikamwekea mkono kichwani nimwombee, kumbe ni mke wangu. "Fumbua macho, wewe mwanaume!"

Nikafumbua. Tumebaki watatu kanisani. Mlangoni limeketi dume la nyani, limepakata kile kikapu, linamenya ndizi bila haraka huku linanisikiliza. Nyuma yake ukoo mzima uko barazani unakomba sufuria ya wali. Na mama mkwe wangu, mtu mzima yule, kasimama juu ya benchi, viatu mkononi. Sijawahi kuona aibu kama ile, nawaambia kweli.

Sasa mwaka huu Kwaresima na Ramadhani ziliingia pamoja, na jirani wa kanisa, Bi Mwajuma, alikuwa ameuona mkasa wote kutoka uani kwake. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini adhana ilipokaribia akaja mwenyewe. "Njooni tufuturu, nasi tumefunga. Uji upo, magimbi yapo. Kwangu nyani hawafiki, mie sifumbi macho."

Tukaenda, wageni wa Kilosa na wote, tukajibana mikekani. Mimi nimejificha nyuma kabisa, nikamsikia mama mkwe, "Mkwe wangu yuko wapi? Atuombee." Watu wakaguna. "Lakini iwe fupi," akaongeza, "na jicho moja liwe kwenye magimbi."

Nikasimama. Manabii wote walinikimbia siku hiyo, maana ukweli nilikuwa nao sasa: kutwa nzima nilikuwa nikisema na Mungu huku namtazama mama mkwe. Nikasema, "Asante, Bwana, umetulisha kwa mkono wa jirani." Basi. Machozi yalikuwa yananilengalenga.

Siku hizi tukifunga mimi ndiye mshika fimbo, nimeiomba kazi hiyo mwenyewe, na msidhani imani imepungua, imeongezeka: Mungu namtumaini na nyani namtazama. Sala ndefu nimeapa sirudii. Ile ya magimbi Bi Mwajuma aliitikia amin, na mama mkwe wangu wa Lumuma akaitikia amina, tena kwa sauti.