Chumvi Yangu Waliila, Sasa Wanataka Fahali

Wasomaji wa ukurasa huu, mlio wakubwa kwangu shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Jina langu lifichwe. Mimi ni bibi, miaka yangu siijui, ila Wajerumani walipofukuzwa nilikuwa nimekwisha kuolewa. Shule sikuingia. Anayeandika ni fundi cherehani, nami nimemkataza kunipambia maneno. Naishi na mkamwana wangu mjamzito, kijiji cha jirani na mji wa dhahabu huku Geita. Mume wake, mwanangu, yuko machimboni mbali.

Mji ule unaishi kwa wageni. Ndui ilipoingia, Serikali ikafunga njia kwa kamba. Gulio likafa. Maduka yote yakabaki ndani ya kamba, na sisi wa nje tukala mboga bila chumvi, hadi tukaanza kuchuja majivu kama bibi zetu. Wazee wa kijiji chetu wakatangaza: asivuke mtu.

Sasa uso wangu una mashimo ya ndui tangu utoto. Nimechekwa nao kisimani, nikaolewa nao. Ndui haimrudii iliyekwisha kumshika, nikaenda kwenye kamba. Bwana afya akanitazama, akasema, "Mama, wewe ilikwisha kukumaliza. Pita."

"Haikunimaliza, baba. Ndiyo maana nimekuja."

Dukani, Mwarabu alikuwa amejifunga kilemba hadi puani. "Usiguse, mama! Onyesha kwa kidole!" Hela natumbukiza kwenye bakuli la siki, vitu anavisukuma kwa fimbo. Kaniki nikainunua bila kuipapasa, kama mtu anayechumbia kwa barua. Nikadai nyongeza. "Leo hakuna nyongeza!" Nikakaa mlangoni hadi akasukuma kiberiti.

Nikirudi najifukiza moshi, naoga, ndipo naweka chumvi juu ya jiwe na kujitenga. Watu wanachukua huku wakiniita kwa mbali, "Asante, mayu, mama yetu! Kesho mafuta ya taa!" Wazee nao walituma wake zao. Hakuna aliyeugua.

Kamba ilipoondolewa, wazee hao hao wakaniita. "Ulivuka tulipokataza. Toa fahali, tule, yaishe."

Nikawauliza, "Na chumvi mliyokula, mmeiweka wapi?"

Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mkubwa wao akasema, "Mayu, mdomo huo utakuponza." Wakaamua: mpaka nilipe, hakuna wa kutugawia hata kaa la moto, hakuna wa kukanyaga kwangu.

Fahali ninaye. Simtoi! Nikimtoa nimekiri kosa, nami sikukosa. Lakini mkamwana wangu amekaribia kujifungua, mimba ya kwanza, naye analia, "Mama, lipa. Nizae kama mtu asiye na kwao?" Nikamwambia mikono hii imedaka watoto wengi, itamdaka na wake.

Akasema, "Kudaka najua utadaka, mama. Nani atapiga vigelegele?"

Hapo, wanangu, nikaenda kwa fundi aniandikie. Nishaurini. Nimtoe fahali ili wanawake waje, au nimpokee mjukuu wangu kwa sauti yangu moja? Msiniambie niombe radhi. Hilo sikuwauliza.