Pikapu Iliyokuja Bila Ufunguo

Mwezi uliopita nilipita Majengo, mjini Sumbawanga, kutafuta maharage ya kuondoka nayo, nikakuta vijana wamelala chini ya pikapu kuukuu. Walikuwa wanaiinua. Walishaongeza majani ya springi na kufunga matairi mapana ya matope, na mmoja wao alikuwa akichomelea bamba jipya la mbele. Harufu ya oili ya gia na chuma kilichoungua ilinisimamisha palepale na mfuko wangu mkononi.

"Shikamoo mama. Unatafuta fundi?" aliuliza mmoja, kichwa kikichungulia chini ya mlango.

Nikamwitikia, nikamwambia natazama tu. Angekuwa na nafasi ningemwambia kwamba nimelelewa ndani ya harufu ile, na kwamba kuna pikapu moja ambayo mpaka leo sijapata wa kunieleza habari zake. Wewe unayo nafasi. Ngoja nikusimulie.

Baba yangu alikuwa fundi wa pikapu za zamani, zile za kwenda kusikopitika. Gereji yake ilikuwa uwanja wa nyuma ya nyumba yetu, umezungukwa na mikaratusi, na katikati magogo matatu yaliyofungwa juu kwa mnyororo wa kunyanyulia injini. Asubuhi za kipupwe ukungu ulishuka Ufipa mpaka usiione ile injini inayoning'inia. Unasikia tu spana ikigonga chuma mahali fulani, na mtu akikohoa. Mama alileta uji wa ulezi, na mafundi walikumbatia vikombe kwa mikono yenye grisi kabla hawajanywa, wapate kwanza joto. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikiosha nati na bolti kwa mafuta ya taa ndani ya karai. Vidole vyangu vilinuka mafuta ya taa hata kanisani Jumapili.

Baba alipenda kusema, "Gari halina siri, lina nati. Fungua zote, utaona kila kitu." Alisema hivyo kwa wateja wake, na kwa majirani walioamini kuna magari yenye mkosi.

Nilikuwa darasa la tano pikapu ile ilipofika kwetu, imebebwa juu ya lori. Ilikuwa imeanguka kwenye mteremko wa kwenda Muze, pale barabara inapoiacha nyanda ya juu ya Ufipa na kuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Rukwa. Mwenyewe alikuwa kijana wa wale wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao kutoka mbali, upande wa kaskazini. Ndugu zake waliikuta pikapu korongoni, lakini yeye hawakumkuta. Walimtafuta chini ya korongo, wakafuata mto, wakaingia vichakani mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Mwishoni wakasema ama maji ama fisi. Miaka miwili baadaye wajomba zake wakamuuzia baba lile gofu.

Haikuwa na ufunguo, kwa hiyo baba aling'oa swichi ya zamani akafunga nyingine. Aliweka injini ya gari jingine, akaongeza majani ya springi za lori, akazungushia bodi vyuma vya kuzuia magunia. Upande wa dereva sakafu ilikuwa imekunjamana kama karatasi. Gesi ya kukatia ilikuwa imekwisha mjini wiki ile, basi baba akatandika bati jipya juu ya lile la zamani, akalichomelea pembe zote. Kitu pekee alichokiacha kama kilivyokuwa ni honi. Ilikuwa na sauti mbili, moja nene na moja nyembamba, na baba aliipenda.

Likizo ile alianza kuteremka nayo Muze kupeleka mahindi na kurudi na mchele, nami nikaenda naye. Kila kona alipiga honi, kama dereva yeyote mwenye akili anavyofanya kwenye mteremko ule. Tulipofika chini breki zilikuwa zinatoa harufu ya kuungua, tukasimama zipoe.

Hapo ndipo tulipomwona yule mama. Alikuwa kando ya barabara, kwenye jua la saa saba, ameshika sahani iliyofunikwa kitambaa. Akaja moja kwa moja kwenye mlango wa dereva. Alimtazama baba kwa muda mrefu mpaka baba akavua kofia. Kisha akazunguka, akaja upande wangu.

"Kula, mwanangu," alisema, akifunua karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. "Gari lake nimelisikia tangu kule juu. Mwenyewe bado."

Alikuwa mama mzazi wa yule dereva. Nyumba yao ilikuwa hatua chache tu kutoka barabarani. Baba alishuka akamwamkia kwa heshima, akamweleza kwamba gari alilinunua kwa wajomba, kwa haki. Mama akasema anajua, hana neno. Ila baba alipokwenda kugusa magurudumu kuona kama yamepoa, alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Safari ya pili mama yule alitusubiri tena. Baba akajishughulisha na magurudumu. Nami nilikuwa natafuna michembe yangu, miguu nje ya mlango, mama alipoinama karibu nami akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za nyumbani:

"Alikuja jana mchana. Nilikuwa napepeta mpunga pale kivulini, nikainua macho, yupo mlangoni. Mguu mmoja una katambuga, mwingine mtupu. Nikamwambia ingia. Akasema, mama, nasikia baridi."

Katambuga ni zile ndala za tairi. Nawe huenda umezivaa. Nilitazama kizingiti cha nyumba. Palikuwa na kuku mmoja, mdomo wazi kwa joto. Jasho lilikuwa limeligandisha gauni langu kwenye kiti.

"Mwambie baba yako ampe kiatu chake," alisema mama.

Sikumwambia. Nitakueleza ukweli ambao hata mama yangu sikumweleza: niliogopa baba ataacha kunichukua. Nilizipenda zile safari. Nilipenda kukaa mbele kama mtu mzima. Kwa hiyo nilinyamaza, na safari ya tatu mama aliponiuliza kama nimefikisha ujumbe, nilimwambia ndiyo.

"Akasemaje?"

"Anakitafuta," nikasema.

Akanishika shavu kwa kiganja chake. Akaniambia Mungu anibariki. Michembe siku ile niliirudisha kwenye sahani.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, pedeli ya klachi ikagoma. Baba aliikanyaga, haikurudi juu. Alilazimika kuingiza kidole cha mguu chini yake na kuivuta, huku pikapu imebeba mchele na upande wangu kuna korongo tupu. Tulisimama mara nne. Mara ya nne ukungu wa Ufipa ulikuwa umeanza kutufikia, na baba alipozima injini nilisikia wazi kabisa mtu anatembea kwenye changarawe nyuma ya gari. Hatua moja nzito, moja nyepesi. Nilimtazama baba. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anasikiliza. Akawasha, tukaondoka.

Wiki ile alibadilisha silinda ya klachi, ikagoma. Akaibadilisha tena, ikagoma. Siku ya tatu niliona anarusha spana ukutani, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na machozi yakanitoka.

"Baba, kuna kiatu," nikasema.

Nilimwambia yote, hata uongo wangu. Hakunipiga wala hakucheka. Alikwenda kwa jirani kuazima mtungi wa gesi, akakata lile bati alilolichomelea mwenyewe, kisha akaanza kulikunjua bati la zamani kwa nyundo na tindo, taratibu, kama mtu anayefungua barua. Ndani ya mikunjo kulikuwa na katambuga ya mguu wa kushoto.

Aliigeuzageuza mkononi. Kisha akanionyesha mkanda wa ile katambuga. Ulikuwa umekatwa kwa kisu, mkato mmoja safi.

"Huyu alibanwa mguu," baba alisema. "Akakata mkanda akautoa. Maiti haikati mkanda." Akaiweka juu ya boneti. "Hebu rudia. Alimwambia mama yake anasikia nini?"

"Baridi."

"Bondeni hakuna baridi," alisema baba. "Na wote walimtafuta chini."

Kesho yake alikwenda polisi, kisha kwa wale wajomba. Walikusanyika watu wengi, wengine wafugaji kutoka chini, wengine wakulima wa kijiji cha juu kabisa ya mteremko, na safari hii walianza kutafuta kutoka kwenye kona gari lilipoangukia kwenda juu. Mimi sikuwapo, hilo niliambiwa. Walimkuta kabla ya adhuhuri, ameegemea mwamba uliofichwa na vichaka karibu na mashamba ya ulezi ya kile kijiji, mahali ambapo ukipiga mluzi unasikika nyumbani kwa watu. Palikuwa pamebaki mifupa na koti. Ndani ya mfuko wa koti kulikuwa na ufunguo. Baba aliitafuta ile swichi ya zamani kwenye kopo la vyuma chakavu, akauingiza mbele ya polisi na wajomba. Ukazunguka.

Pedeli haikugoma tena. Baba alisema ni lile bati lililokunjamana, lilikuwa linagusa fimbo ya klachi. Yawezekana. Nilimwuliza na zile hatua za kwenye changarawe je, akasema niende nikaoshe nati.

Walimzika bondeni, nyumbani kwao. Matanga yalipokwisha, mama yule alimwomba baba ampandishe akaone mahali mwanawe alipokutwa. Alikaa mbele, amejifunika khanga mbili, mimi katikati. Hakuwahi kupanda Ufipa tangu ahamie kule. Kadiri tulivyopanda aliibana mikono yake kwapani, na alipoanza kutetemeka baba alivua koti akampa. Juu ukungu ulikuwa mzito, mchana ule ule, mpaka mikaratusi ilionekana kama watu waliosimama foleni.

Tulipofika kwenye mwamba alikaa kitako, akaugusa, akakaa sana. Tulirudi nyuma tumwache. Ndipo mzee mmoja akatoka kwenye nyumba ya karibu, mkulima, kofia mkononi. Baba alimfahamu, alikuwa miongoni mwa waliosaidia kutafuta.

"Mama," alisema, "nina neno limenikaa. Siku gari lilipoanguka, ulikuwa ukungu kama huu. Mimi na mke wangu tulikuwa ndani, tunakula. Tukasikia mtu anaita huku nje. Anaita, ananyamaza, anaita tena. Nchi hii yetu, mama, tumefundishwa kuogopa. Tulisema huyo si mtu. Tukatia komeo."

Niliona baba ameinamisha kichwa. Nami nilijua moyoni kwamba yule mzee na mimi ni ndugu, maana wote wawili tulisikia tukanyamaza.

Mama hakulia wala hakumlaani. Aliuliza tu, "Alikuwa anaita nini?"

Mzee aliikunjakunja kofia yake.

"Hodi," alisema. "Alikuwa anapiga hodi."

Yule mama aliinuka. Aliupa mgongo mwamba, akaelekea kule kwenye ukungu ambako hatukuona chochote, akaitika kwa sauti ya mwenye nyumba katika siku njema, "Karibu, baba. Karibu ndani." Akangoja, kama unavyongoja mgeni avue viatu. Kisha akasogea hatua moja pembeni, ya kumpisha mtu. Nami nakuapia, upepo wa baridi ulipita kati yetu, kwenye nafasi ile ile aliyoiacha, ukaenda zake kuelekea bondeni. Mke wa yule mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipiga magoti.

Pikapu ile baba aliiuza mwaka uliofuata kwa mtu wa Matai, nasikia alikwenda nayo hadi Kasanga, sijui iliishia wapi. Wale wafugaji walihama na ng'ombe wao, wakafuata majani mahali pengine, na kaburi wakaliacha. Baba naye hayupo. Uwanja wetu umejengwa nyumba ya kupanga, na barabara ya Muze imetengenezwa, imepanuliwa. Nilishuka nayo mwezi huohuo uliopita kwenye gari dogo lenye muziki, dereva ana haraka, na kona ikapita kabla sijaitambua. Yule mzee wa juu nilimkuta, amezeeka sana, hasikii vizuri. Nyumba yake ile ya zamani imebomoka, anakaa kwa mwanawe. Tuliamkiana tu. Hakunikumbuka, au alijifanya hanikumbuki.

Wanangu hunicheka, maana mjini ninakoishi mtu haendi kufungua mlango bila kuchungulia kwanza dirishani. Mimi huwa nimeshafika kwenye komeo kabla mgeni hajamaliza kutamka hodi. Wakati mwingine nafungua, na nje hakuna mtu. Nasema karibu vilevile.