Lifti Iliyochorwa Sebuleni

Jumapili mchana, wenye akili zao wakiwa wamejilaza, Mama Futi alikuwa amepiga magoti sebuleni, makochi kayasukumia ukutani, anachora sakafu kwa chaki.

"Haya, yameanza," mumewe akasema.

"Nachora lifti. Panda mezani ulale, wewe ni mgonjwa."

Mama Futi alikuwa mhandisi wa manunuzi wa hospitali kubwa. Watu hudhani kazi hiyo ni kwenda dukani na kapu. Thubutu! Kila mashine inayoingia pale, yeye ndiye anayeamua iwe ya aina gani, ukubwa gani, chuma gani, na ikifika anaikagua kama wifi anavyokagua jiko la watu. Jina alilipata kwa ile futi ya chuma isiyotoka mkobani mwake. Kesho yake vipimo vya lifti mpya vilikuwa vinakwenda kiwandani, na vikishakwenda ndiyo basi tena.

Roho ilikuwa juu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa imekaa pale kochini, fimbo mapajani: mama mkwe wake. Nyonga ilikuwa imekwisha, chumba cha upasuaji kiko ghorofa ya juu kabisa, lifti ya zamani ilishakufa, na wagonjwa hupandishwa ngazi kwa machela. Bibi alikataa katakata. "Mimi si gunia la viazi. Wekeni lifti, nitapanda." Na daktari alishasema, akizidi kuchelewa hatatembea tena.

Ya pili ilikuwa aibu tupu: mnunuzi wa lifti mwenyewe aliogopa lifti kama nini sijui. Popote alipokwenda alipanda ngazi, akisingizia mazoezi.

Mume akalala mezani. Binti yao, aliyeteuliwa kuwa nesi, akasimama kichwani kwake na ufagio uliotundikwa mfuko wa maji, eti ndiyo dripu. Wote ndani ya mstari!

"Tumeenea!" Mama Futi akapiga kigelegele.

"Na mtu wa kunishika mkono?" mama mkwe akauliza.

"Mama, ndugu hubaki chini."

"Basi na mimi nabaki chini."

Mama Futi akacheka. Kisha akamtazama mumewe pale mezani, katikati ya ufagio na nesi wake, akaacha kucheka. Kweli bwana! Nani anapelekwa kupasuliwa hana hata mtu wake mmoja, asiogope? Akafuta chaki kwa kitambaa, akavuta futi, akapiga hesabu za shimo la lifti kichwani. Kile chuma kizito kinachoshuka lifti inapopanda, kikihamishwa kutoka ubavuni kwenda nyuma, mtu mmoja anapata pa kusimama. Akarukaruka kama mtoto, mpaka mumewe akaomba ruhusa ya kushuka mezani.

Asubuhi bosi wake hakutaka kusikia. "Vipimo vilishapitishwa. Na ndugu wa mgonjwa si kifaa cha hospitali."

Kubishana na bosi yule ni kutwanga maji kwenye kinu. Mama Futi akatoa chaki, akachora lifti ya vile vipimo vya kwanza kuzunguka benchi la ofisini. "Hebu lala hapo, mzee wangu. Mara moja tu."

Bosi akalala akinung'unika, tai imemwangukia sikioni. Mama Futi akasimama kichwani kwake, fundi umeme aliyekuwa anapita akavutwa ndani, akabana ubavuni na dripu ya ufagio.

"Sasa mama watoto asimame wapi?"

Bosi akageuza shingo huku na huku, akaona miguu ya fundi umeme na dari. "Andika upya," akasema. "Na mniinue."

Lifti ikaja, jamani! Mafundi wakaifunga, wakaijaza mifuko ya saruji kupima nguvu zake, ikapanda na kushuka bila hata kukohoa. Sasa pale hospitali wana desturi yao: mashine ya kubeba watu, aliyeinunua hupanda kwanza. Mama Futi alikuwa ameisahau desturi hiyo, au tuseme alijisahaulisha. Na mama mkwe, ameshavalishwa gauni la upasuaji, akatangaza kwamba yeye hangoji safari ya pili.

Kitanda kikaingia sawasawa. Nesi akaingia na dripu. Ikabaki ile nafasi, na watu wote wanamtazama Mama Futi. Akapiga moyo konde, akaingia, na mlango ukajifunga.

Mkono mkavu wenye nguvu ukaudaka wake.

"Mama, usiogope," Mama Futi akasema, sauti inatetemeka.

"Nani aogope? Miaka yote nakuona unapanda ngazi unahema, eti mazoezi. Kwani ulidhani nafasi hii naiomba kwa ajili yangu?"

Nesi akaangua kicheko. Lifti ikaanza kupanda, na Mama Futi akaung'ang'ania ule mkono kwa mikono yake yote miwili, analia, anacheka, anahesabu ghorofa kwa sauti, mpaka mlango ukafunguka juu.

"Haya, niachie sasa, mwanangu," bibi akasema. "Daktari ananingoja."