Kwa Nini Sufyan Aliacha Kusalisha

Hapa Malindi wapo watu ambao mpaka leo husema kwamba shemeji yangu Sufyan aliacha kusalisha kwa sababu aligombana na wazee wa msikiti. Si kweli. Nayaandika haya kwa idhini yake, ili watoto wa ukoo wetu wasije wakarithi maneno ya barabarani.

Sufyan ni mdogo wake marehemu mume wangu. Ni fundi wa kanzu, na duka lake limepakana na msikiti wa mtaa. Kwa miaka mingi, ukikaribia wakati wa sala, alifunika cherehani, akatawadha, akaingia msikitini kusimama mbele ya watu. Mkewe, Nana, alifariki kabla ya maradhi ya mumewe kuanza. Binti yake wa pekee, Sumeiya, ameolewa Maskati. Mimi sikujaliwa watoto. Hivyo nyumbani tumebaki watu wazima wawili, yeye chini, mimi ghorofani.

Maradhi yalikuwa saratani ya tezi dume. Alipasuliwa Mombasa, tezi ikatolewa, jeraha likapona vizuri. Lakini mkojo ukawa unamtoka bila hiari yake, akikohoa, akiinama, akinyanyua jora la kitambaa. Alijishonea mwenyewe vitambaa vya kujihifadhi kwa mabaki ya pamba, akavifua na kuvianika ndani ya chumba chake. Kanzu nyeupe alizowashonea wengine yeye hakuzivaa tena. Akawa mtu wa vikoi vya rangi iliyokoza. Kisha siku moja akasali safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, na hakueleza kitu.

Nilimwuliza kama vitabu vya dini vyamkataza kusalisha.

"Wapo wanavyuoni wanaoruhusu, shemeji," alinijibu. "Lakini nasimama mbele ya watu nasikia nguo yarowa. Hapo nitasoma nini?"

Farjallah, rafiki yake tangu chuo cha Kurani, ndiye aliyeshika nafasi yake. Mtu wa mzaha huyo. Kila akitoka hupaza sauti: "Bwana mkubwa wa mlangoni! Umeajiriwa kulinda viatu?"

"Naam," Sufyan humjibu. "Vyako ndivyo nisivyovilinda. Mwizi akiviona atakuongezea pesa ununue vingine."

Watu hucheka, wakaenda zao, naye akarudi kwenye cherehani yake. Uvumi wa ugomvi ulianzia hapo, na hakuukanusha. Nami sikuona haja ya kuukanusha kwa niaba yake. Nyumba yetu haikuzoea kuanika mambo yake ya ndani.

Kisha kipimo cha damu, alichokuwa akipimwa mara kwa mara kuifuatilia saratani, kikaanza kupanda. Picha zikaonyesha kwamba ugonjwa umerudi, si mahali tezi ilipotolewa, bali kwenye mitoki, yale matezi madogo ya limfu yaliyo ndani ya nyonga. Daktari alitueleza bila kuzunguka. Dawa zipo na mionzi ipo, lakini kwa kuwa ugonjwa ulionekana kwenye mitoki michache ya upande mmoja tu, yawezekana kufungua na kuitoa.

"Sikuahidi kupona, mzee," alisema. "Huenda tukauchelewesha. Lakini tusingoje uenee."

Sufyan alikubali kupasuliwa. Akaambiwa alete watu wenye afya wa kumtolea damu.

Yangu ilikataliwa kwa sababu ya umri. Ndugu wa karibu hatuna.

"Waambie wa msikitini ni upasuaji wa tumbo," nilimshauri.

"Farjallah ataniuliza tumbo limefanya nini. Yule anijua tangu tukioga uchi pwani. Na nimtake mtu damu yake kwa uongo?"

"Basi waambie kweli."

"Niwaambie fundi wa kanzu ajikojolea?"

Siku aliyopangiwa ikafika, akashinda dukani akishona. Daktari akapiga simu, akampa siku nyingine, na akamwonya kwamba kipimo kimepanda zaidi. Nilimwona amekaa na simu mkononi hata baada ya mazungumzo kukatika.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Sala ilipokwisha nikasikia sauti yake kutoka mlangoni: "Ndugu zangu, msitoke kwanza."

Waliokwisha simama upande wetu wakaketi tena.

"Sikugombana na mtu hapa. Nina saratani ya tezi dume. Walinipasua, na tangu siku ile siwezi kuuzuia mkojo. Ndiyo maana nikarudi nyuma. Sasa imenirudia kwenye mitoki. Naomba damu."

Wanawake waliokuwa karibu nami waliinamisha macho ili wasinitazame. Mwisho nikamsikia Farjallah, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. "Nawe ukaniacha nikuite mlinzi wa viatu?"

"Ulinifaa," Sufyan akasema. "Wakicheka, hawaulizi."

Wiki hiyohiyo vijana wa mtaa walikwenda Mombasa kutoa damu, na wanawe Farjallah walikuwa wa mwanzo. Upasuaji ukafanyika. Mitoki ikatolewa, na baadhi yake ilikutwa na ugonjwa kweli. Aliporudi, nyumba ilijaa wageni, sinia za vyakula zikipishana mlangoni.

Kila aliyeingia alimpongeza kwa kupona. Yeye alijaribu kueleza kwamba bado, kwamba kuna kipimo kinangojwa. Hawakumwacha amalize. "Sema alhamdulillahi, Sufyan, usijitabirie mabaya," walimwambia, wakamwombea dua, wakaaga. Waliona wamekwisha timiza haki ya mgonjwa, na kweli walitimiza. Baada ya hapo hawakuja tena, maana aliyepona hazuriwi.

Siku ya kipimo hakutaka nimsindikize. Alirudi alasiri, akapanda ngazi polepole, mguu wa kushoto umemvimba tangu kutolewa mitoki.

"Kipimo kimeshuka," alisema.

"Kimeshuka mpaka wapi?"

"Kimeshuka, shemeji. Ugonjwa haukwisha. Watapima tena, na tena."

Nikamwambia nitampelekea habari Farjallah.

"Usimwambie bado," akasema. "Akisikia kimeshuka atafurahi, aone yamekwisha. Nami sina wa kungoja naye ila wewe."

Nikamsogezea kiti, tukakaa.