Sabuni Kwenye Rejeta

Fundi ameniambia kiyoyozi hakina shida, rejeta ndiyo inavuja. Alipofungua boneti, ile harufu tamu ya maji yenye dawa ikanirudisha utotoni, kwenye barabara ya kwenda Kirando.

Ndoa ilikuwa imevunjika, na baba alikuwa anamrudisha mama kwao. Tulipopita Namanyere gari likachemka. Lilipopoa, baba akapapasa rejeta mpaka akaona tundu, akaomba sabuni. Mama akafungua sanduku lake la nguo, akatoa sabuni ya kufulia, akamega kipande, akakikanda mwenyewe na kumpa azibie. Walivyoinama pale pamoja, mabega yakigusana, nilimwomba Mungu gari lisiwake tena.

"Limeziba?" mama aliuliza.

"Limeziba. Litatufikisha."

"Pole na kazi, baba watoto."

Sikumsikia tena akimwita hivyo.

Gari lilitufikisha. Jioni mimi na baba tulipanda milima kurudi nyumbani Sumbawanga. Baridi ya Ufipa ilipoanza kuingia dirishani, akaniuliza kama najua kusonga ugali.

Nikamwambia najua kidogo.